Namba Moja ya Mkojo Haiuhukumu Mfupa

Wengi wetu tunaujua mkojo kama kipimo cha sukari, cha kichocho, cha mimba na cha uambukizo wa njia ya mkojo. Mwezi huu tunapenda kueleza jambo ambalo familia nyingi hazijalisikia, nalo ni kwamba mkojo unaweza pia kutoa habari za mifupa.

Sababu ya kuchagua somo hili ni hii. Hapa Itumba na katika vijiji vya Ileje, watoto walioko Mbeya au Dar es Salaam huwachukua wazazi wao kwenda kupimwa katika hospitali kubwa, hasa mama akishavunjika mkono au akianza kuinama mgongo. Mzazi anaweza kurudi na karatasi yenye namba, na kila mtu nyumbani ana tafsiri yake. Namba ikipanda, watu husema mifupa ya mama imekwisha. Ikishuka, husema amepona, aache dawa. Kumbe huenda hakuna lililobadilika ndani ya mifupa ila saa ya kutoa mkojo tu. Kutoelewa huko kunaweza kumnyima mgonjwa dawa anayoihitaji, na kunaweza kuigharimu familia fedha za mahindi au za kahawa kwa vipimo visivyo na maana.

MFUPA HUKARABATIWA KILA SIKU

Wengi hudhani mfupa ni kitu kikavu kama jiwe, kikishakomaa kimekwisha. Sivyo. Mfupa ni kiungo hai chenye damu ndani yake. Mtu mzima ana mifupa 206, na katika mwaka mmoja karibu sehemu moja ya kumi ya mifupa yake hubomolewa na kujengwa upya. Zipo chembe hai zinazobomoa sehemu iliyochakaa, na zipo zinazokuja nyuma yake kujenga. Kubomoa sehemu ndogo huchukua wiki chache, lakini kuijenga tena huchukua miezi kadhaa.

Tuelewane hapa: kubomolewa tunakokusema siyo kuvunjika kwa kuanguka. Ni kazi ya kila siku ya mwili, na ni ya lazima. Shida huanza pale wabomoaji wanapowazidi wajenzi kwa muda mrefu. Hali hiyo humpata zaidi mama baada ya hedhi kukoma, kwa kuwa homoni ya kike inayowazuia wabomoaji imepungua. Mifupa huwa myepesi, yenye matundu mengi ndani, na kuteleza kidogo tu kunatosha kuvunja kiwiko cha mkono au nyonga. Akina baba nao hufikwa na hali hiyo uzeeni, ingawa kwa kawaida huchelewa kuliko akina mama.

KAMBA ZINAZOTUPWA NA MKOJO

Sasa mkojo unajuaje habari hizi? Fikirini nyumba ya fito na udongo. Fito husimama, kamba hufunga fito pamoja, na udongo hujaza na kukaza. Mfupa nao uko hivyo. Udongo wake ni madini, hasa kalsiamu. Fito zake ni nyuzi za protini inayoitwa kolajeni. Nyuzi hizo zimefungwa pamoja kwa vifungo vidogo sana, mfano wa zile kamba.

Ukuta ukibomolewa, udongo unaweza kukandwa tena, lakini kamba zilizokwisha kukatwa hazifungi tena, hutupwa jalalani. Ndivyo ulivyo mwili. Vipande vya vifungo hivyo huingia katika damu, huchujwa na figo na kutoka na mkojo. Anayehesabu kamba zilizoko jalalani anaweza kukisia ni ukuta kiasi gani uliobomolewa. Hicho ndicho maabara hufanya.

Zamani kilichopimwa ni kitu kiitwacho haidroksiprolini. Ubaya wake ni kwamba hata nyama, ngozi na supu ya makongoro huongeza kiasi chake kwenye mkojo, hivyo mgonjwa alilazimika kuacha vyakula hivyo kabla ya kipimo. Mwaka 1977 mtaalamu wa Japani, Daisaburo Fujimoto, alieleza kifungo kinachoitwa piridinolini. Mwaka 1992 David Eyre na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani, walitangaza kipimo cha kipande kingine cha kolajeni ya mfupa, ambacho leo huandikwa kwa kifupi NTX. Chakula hakiwasumbui sana hawa wawili kama kilivyomsumbua yule wa kwanza. Mwaka 2011 wataalamu wa kimataifa walipendekeza kipimo cha damu kiitwacho CTX kiwe cha kulinganishia katika utafiti na tiba. Hata hivyo, msomaji anaweza bado kukutana na vipimo vya mkojo, na mengi tutakayosema hapa yanahusu damu pia.

KWA NINI NAMBA HAITULII

Mtu mmoja, mwenye mifupa ileile, anaweza kutoa namba tofauti kwa siku tofauti. Hilo siyo lazima liwe kosa la maabara. Mwili wenyewe ndivyo ulivyo. Tutazame sababu kubwa.

Kwanza ni saa. Kubomolewa kwa mfupa huongezeka usiku. Vipande huwa vingi zaidi kati ya saa nane usiku na saa mbili asubuhi, kisha hupungua mchana na jioni. Mkojo wa alfajiri unaweza kuzidi ule wa alasiri kwa theluthi moja, na kwa baadhi ya vipimo hata zaidi ya hapo. Mtu atafikiri ni kwa sababu usiku tumelala, lakini watafiti waliowaweka watu kitandani mchana na usiku waliona kupanda na kushuka huko kunaendelea vilevile.

Pili ni siku. Hata ukitoa mkojo saa ileile kila siku, namba itacheza. Kwa vipimo vingi vya mkojo, mtu hutofautiana na nafsi yake kwa asilimia 15 hadi 25 hivi kutoka siku moja hadi nyingine.

Tatu ni maji. Aliyekunywa maji mengi mkojo wake ni mwepesi, na aliyetoka shambani kwenye jua mkojo wake ni mzito. Ili kuondoa tofauti hiyo, maabara hulinganisha vipande vya mfupa na kitu kingine kiitwacho kreatinini, ambacho hutoka katika misuli. Lakini njia hiyo nayo ina mipaka yake. Mzee aliyekonda, misuli ikapungua, hutoa kreatinini kidogo, na hesabu inaweza kuonyesha namba kubwa ingawa mifupa yake haikubomolewa zaidi. Ugonjwa wa figo nao huvuruga hesabu hiyo.

Nne ni umri na hali ya mwili. Watoto na vijana wanaokua huwa na namba kubwa mara nyingi kuliko watu wazima, na kwao siyo ugonjwa, ni kukua. Mama mjamzito na anayenyonyesha namba zao hupanda. Baada ya hedhi kukoma, zinaweza kukaribia mara mbili ya zile za awali. Kwa hiyo mtu asichukue karatasi ya mjukuu au ya jirani na kuilinganisha na ya bibi.

Tano ni kuvunjika. Mfupa unapounga, kazi ya kubomoa na kujenga huongezeka sana mahali pale, na namba inaweza kubaki juu kwa miezi sita hadi mwaka mzima. Mama aliyevunjika mkono akapimwa mwezi unaofuata atapata namba kubwa, nayo itaeleza mkono unaopona, siyo mifupa yote ya mwili.

Sita ni kulala kitandani. Mfupa usiobeba uzito hubomolewa haraka. Mgonjwa akilala siku chache tu bila kusimama, namba huanza kupanda. Ndiyo maana sisi wauguzi tunawahimiza wagonjwa kuamka na kutembea mara daktari anaporuhusu, hata kama ndugu wanatuona hatuna huruma.

MFANO WA SAFARI MBILI

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 64, ili jambo hili lieleweke. Mama huyo ameandikiwa dawa ya mifupa. Siku ya kwanza alilala kwa binti yake Mbeya, akatoa mkojo saa moja asubuhi kabla ya kula. Namba ikawa 48. Miezi mitatu baadaye aliondoka Itumba alfajiri, akapita Mpemba, akala njiani, akafika na kutoa mkojo saa nane mchana. Namba ikawa 36.

Nyumbani furaha ikawa kubwa: namba imeshuka kwa robo nzima! Wakaamua dawa inatosha, fedha iende kwenye mbolea. Lakini tazameni vizuri. Kushuka huko kunaweza kuwa kumetokana na saa peke yake. Tena, hata kama saa zingelingana, robo ni tofauti ambayo mwili wenyewe unaweza kuifanya bila dawa yoyote. Mama huyo hana habari kama dawa inafanya kazi au haifanyi, na tayari ameacha kinga aliyoandikiwa.

Geuzeni safari hizo. Kama angeanza na alasiri akamalizia na alfajiri, namba ingepanda, na familia ingeomboleza bure, au ingekimbilia dawa kali zaidi bila sababu.

TOFAUTI GANI NI YA KWELI?

Hapa kuna hesabu rahisi ya kukumbuka. Ikiwa namba ya mtu hucheza kwa asilimia 20 hivi kutoka siku hadi siku, basi vipimo viwili vinapaswa kupishana kwa zaidi ya nusu, yaani kama asilimia 55, kabla hatujasema kwa uhakika kwamba kuna kilichobadilika ndani ya mwili. Tofauti ndogo kuliko hiyo tuiheshimu, lakini tusiijengee uamuzi.

Je, basi kipimo hakina faida? Kinayo. Dawa za kuzuia kubomolewa kwa mfupa, kama alendroneti, zina nguvu. Mgonjwa akizitumia vema, namba ya NTX katika mkojo huweza kushuka kwa nusu au zaidi ndani ya miezi mitatu hadi sita. Kushuka kwa kiasi hicho kunaonekana hata kupita mchezo wa kila siku. Mama wa mfano wetu, kama angetoa mkojo kwa saa ileile akatoka 48 hadi 20, hapo tungeshukuru kwa haki.

Na kama namba haikushuka kabisa? Kabla ya kulaumu dawa, daktari atauliza jinsi mgonjwa anavyoimeza. Alendroneti humezwa asubuhi tumboni kukiwa hakuna kitu, kwa glasi nzima ya maji matupu. Mgonjwa asile wala asilale kwa muda wa nusu saa. Akae wima au asimame. Anayeimeza kwa chai, kwa maziwa au kwa uji huipoteza karibu yote, na anayelala mara baada ya kuimeza anaweza kuunguza koo. Hivyo mkojo unaweza kufichua kwamba dawa haifiki inapotakiwa.

JINSI YA KUTOA MKOJO WA KIPIMO HIKI

Ikiwa wewe au mzazi wako ameandikiwa kipimo hiki, fuata kwanza maelezo ya maabara husika. Kwa kawaida huwa hivi:

1. Mara nyingi hutakiwa mkojo wa pili wa asubuhi. Ukiamka, kojoa ule wa kwanza uende. Kunywa maji kidogo, usile. Mkojo unaofuata, kabla ya saa nne asubuhi, ndio uweke katika kichupa.

2. Andika saa uliyotoa. Kipimo kitakachofuata kitolewe saa ileile, kwa namna ileile, na ikiwezekana katika maabara ileile. Maabara mbili zinaweza kutumia mashine tofauti na vipimo tofauti, na namba zao hazilinganishwi.

3. Tumia kichupa cha maabara. Chupa ya soda au ya dawa ya zamani haifai. Kiweke mahali pa baridi penye kivuli, kwa kuwa mwanga mkali wa jua huharibu baadhi ya vipande vinavyotafutwa, na kipeleke maabara bila kuchelewa.

4. Ukiambiwa ukusanye mkojo wa saa 24, ule wa kwanza wa asubuhi umwagwe, kisha yote inayofuata ikusanywe hadi na ule wa kwanza wa asubuhi ya pili. Ukisahau hata mara moja, sema. Ni afadhali kuanza upya kuliko kupeleka nusu na kuiita nzima.

5. Mweleze daktari kama umevunjika mfupa katika mwaka uliopita, kama umelazwa, kama una ugonjwa wa figo, na dawa zote unazotumia.

6. Anayesafiri kutoka mbali afike mjini jioni ya siku iliyotangulia, akiwa na pa kulala. Kama hawezi, aombe siku nyingine kuliko kutoa mkojo wa alasiri utakaolinganishwa na wa asubuhi.

KIPIMO HIKI HAKISEMI NINI

Kipimo cha mkojo kinaeleza kasi ya kubomolewa kwa siku zile. Hakielezi ni mfupa kiasi gani uliobaki. Ni kama kumwona mtu anatoa magunia ghalani: unajua anatoa kwa kasi gani, lakini hujui ghala lilikuwa na magunia mangapi. Kujua yaliyobaki kunahitaji picha maalumu ya kupima uzito wa mfupa, ambayo hupatikana katika hospitali chache za miji mikubwa. Kwa hiyo namba ya mkojo peke yake haitoshi kumwambia mtu kwamba ana udhaifu wa mifupa, wala haitoshi kumwambia kwamba hana. Daktari huiweka pamoja na umri, mifupa iliyokwisha kuvunjika, dawa anazotumia mgonjwa na hali yake nzima.

Tunasema hili kwa ajili ya mfuko wa familia pia. Bibi wa miaka 75 aliyeanguka akiwa amesimama tu, akavunjika nyonga, tayari mifupa yake imekwisha kusema. Anahitaji matibabu na kinga. Asicheleweshwe kwa sababu ndugu wanachanga fedha za kipimo cha mkojo.

WANAOTUMIA DAWA ZA VVU

Neno moja kwa ndugu zetu wanaotumia dawa za kufubaza VVU. Dawa ya tenofovia, iliyomo katika vidonge vinavyotumiwa na wengi, huongeza kidogo kubomolewa kwa mfupa. Mwaka wa kwanza wa tiba, uzito wa mfupa unaweza kupungua kwa asilimia 1 hadi 3, kisha kwa wengi hutulia. Utafiti uliofanyika Kampala, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2020 uliwafuatilia akina mama wanaonyonyesha. Wenye VVU na wasio nayo wote walipungukiwa na uzito wa mfupa wa nyonga wakati wa kunyonyesha, na upungufu ulikuwa mkubwa zaidi kwa wanaotumia dawa hizo.

Tafadhali, mtu asisome maneno haya akaacha dawa. VVU yenyewe huharibu mifupa, na kuacha dawa kunaua. Maana ya habari hii ni kwamba mama wa namna hiyo ale vizuri zaidi, aseme mapema akiwa na maumivu ya mifupa, na asishtushwe na namba iliyopanda wakati ananyonyesha.

YALIYO MIKONONI MWETU

Namba iwe juu au chini, mambo yafuatayo yanafaa kila nyumba, na mengi hayahitaji fedha nyingi.

Chakula. Usipa na dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni hazina ya kalsiamu, na soko la Kyela haliko mbali nasi. Maziwa, maharage na mboga za majani zinasaidia. Mzee asiachiwe ugali na mchuzi mtupu. Naye anahitaji protini ili misuli imshike asianguke.

Jua. Ngozi ikipigwa na jua hutengeneza vitamini D, ambayo humwezesha mtu kufaidi kalsiamu. Utafiti wa mwaka 2012 hapa Tanzania uliwakuta Wamasai na Wahadzabe, wanaoishi nje juani, wakiwa na vitamini D nyingi, wastani wa 115 kwa kipimo cha maabara, ambacho ni kiwango kizuri sana. Huku kwetu kwenye baridi na ukungu, wazee hukaa ndani karibu na moto, na watoto wachanga hufunikwa gubigubi. Jua likitoka, watolewe nje.

Mwendo. Kutembea na kulima kwa kiasi huimarisha mfupa. Lakini mama mwenye mgongo uliokwisha kuinama asibebeshwe kuni wala ndoo kupandisha mlima. Kazi hiyo ichukuliwe na vijana wa kiume na wa kike sawasawa.

Kuzuia kuanguka. Masika njia zetu za miteremko huteleza kama sabuni. Mzee awe na fimbo na viatu vyenye meno. Njia ya kwenda chooni isawazishwe, iwe na kamba au mti wa kushikia, na taa iwe karibu na kitanda. Macho yapimwe. Tumbaku na pombe nyingi hudhoofisha mifupa na kuleta maanguko.

Wapendwa, karatasi ya maabara ikifika nyumbani, msiipokee kama hukumu wala kama cheti cha kupona. Ulizeni: Mkojo huu ulitolewa saa ngapi? Mara ya kwanza ulitolewa saa ngapi? Je, mama alikuwa amevunjika au amelazwa? Tofauti inafika nusu? Majibu ya maswali hayo yapelekeni kwa daktari pamoja na karatasi zote mbili, ya zamani na mpya. Na mpaka atakapowaambia vinginevyo, mzazi aendelee kumeza dawa yake kwa maji matupu, asubuhi, akiwa ameketi wima.